Anayeitaka Sauti Yangu Anipe na Kiti

Kuna siku moja ambayo kila nikishika gitaa hunirudia, mwanangu, hata nisipoiita. Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitano, huko kwetu kwenye vilima vinavyolitazama Ziwa Kivu, na siku hiyo mtoto wa chifu alikuwa anaoa. Tuliitwa kuimba. Sisi ni Watwa, watu wa msituni, ambao majirani wengine hutuita mbilikimo, jina tusilolipenda. Serikali ilitutoa msituni kabla sijaota meno, ikasema msitu sasa ni wa wanyama, nasi tukabaki pembezoni mwa mashamba ya watu, tukifinyanga vyungu na kuimba kwenye sherehe zao. Maana hilo halikubishiwa na mtu: harusi isiyo na Watwa wa kuimba ilikuwa mchuzi usio na chumvi.

Siku hiyo niliimba, mwanangu! Niliimba mpaka bibi harusi akafuta machozi, mpaka wazee wenye fimbo wakasimama kupiga makofi. Tulipomaliza, wageni wakaingia ndani kula. Sisi tukaelekezwa nyuma ya jiko, tukapewa chakula juu ya majani ya mgomba, kwa sababu hakuna aliyetaka sahani yake iguswe na mkono wa Mtwa. Mimi sikuona neno. Niliona nyama. Nikakaa chini nikala, na makofi ya wale wazee bado yakinivumia masikioni.

Koko yangu, yaani bibi yangu mzaa mama, hakugusa chakula. Alisubiri nimalize, ndipo akaniuliza, "Faida, umeshiba?"

"Nimeshiba, koko."

"Nani mwingine anakula hapa nyuma?"

Nikatazama. Mbwa wa chifu walikuwa wakigombea mfupa karibu na miguu yangu. "Mbwa," nikasema.

"Basi elewa walichofanya. Wameichukua sauti yako wakaingia nayo ndani, wewe wakakuacha huku na mbwa. Nawe unalamba vidole."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningesahau mapema. Alinishika mkono tukaondoka, na njiani, tukishuka kuelekea kwetu, akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenibeba mpaka leo. "Sikukatazi kuimba. Sauti ni urithi wako, hukuiiba kwa mtu. Lakini kuanzia leo, mtu akikuita uimbe, muulize kwanza: nitakaa wapi? Akikosa jibu, rudi nyumbani. Njaa ya siku moja haiui."

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La koko yangu nililisikia, ingawa kulisikia ni jambo moja na kulitenda ni jingine.

Vita vilivyotutoa kule sitavieleza leo. Itoshe tu kusema kwamba nilifika Nairobi nikiwa sina hata ndugu mmoja, nikapata kazi za ndani kwa mzee aliyekuwa amestaafu udereva wa malori. Mzee huyo alipenda muziki wa kantri kupita kiasi. Jumapili akitoka kanisani alivaa kofia pana ya wachunga ng'ombe, akaweka kaseti, akafumba macho. Wakenya na kantri, mwanangu, ni chai na maziwa. Mimi Kiingereza sikukijua, nikamwomba anieleze wanachoimba. Akawa anasimamisha kaseti na kunifafanulia: huyu amenyang'anywa shamba, huyu amefiwa na mke, huyu yuko gerezani na anasikia treni ikipita. Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, hizi ni nyimbo za koko yangu!" Kwa kuwa koko naye aliimba hivyo hivyo, bila kuzunguka: hapa palikuwa kwetu, wakaja, tukaondoka, mama akafia njiani. Unalisema jambo kama lilivyotokea, halafu unalipa sauti ili liweze kubebeka.

Mzee yule akanifundisha gitaa. Macho yake yalipoharibika akanipa gitaa na kofia, vyote viwili, akasema yeye sasa atabaki na kusikiliza.

Navyo ndivyo nilivyobeba baadaye nilipohamia Johannesburg, Afrika Kusini, kutafuta kazi, na ndivyo watu wa mtaa wa Troyeville walivyonijua miaka ile kuanzia 2015: mama mfupi, gitaa kubwa, kofia kubwa zaidi. Siku za kazi nilipiga pasi kwa dobi mmoja kule Kensington. Jumamosi asubuhi nilikwenda sokoni Newtown kuimba kantri kwa Kiswahili, nyimbo za mbuzi waliopotea, za msitu uliofungwa, za mama anayesubiri barabarani. Wengine waliniita Mama Kofia. Wakongo wenzangu waliokuwa wakipita walisikia lugha ya nyumbani wakasimama, nyuso zikachanua. Kisha mmoja angeuliza, "Mama, wewe ni mtu wa wapi?" Ningejibu ni wa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. "Kabila gani?" Ningemwambia, na lile tabasamu lingezama kama maji kwenye mchanga. Sikulificha kabila langu hata siku moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi hata maradhi sikuwa nayo.

Sasa ngoja nikufikishe kwenye jambo lenyewe.

Mwaka ule wa 2015 kulizuka vurugu za kuwafukuza wageni. Ulizisikia kwa wazazi wako. Maduka yalivunjwa, watu wakapigwa, sisi tukajifungia na mapazia yakiwa yameshushwa mchana kweupe. Kule Bertrams kulikuwa na saluni ndogo ya mwanamke Mkongo wa Uvira, tuliyemwita Mama Neema kwa jina la bintiye. Wenye fujo walibeba kila kilichobebeka, kisha kilichobaki wakakitia moto. Neema, msichana wa sekondari, alikuwa amejificha dukani kwa jirani ng'ambo ya barabara, akaona yote kupitia upenyo wa mlango.

Mji ulipotulia, nilitembelewa na Papa Anselmi, maana Wakongo baba mtu mzima humwita Papa, mwenyekiti wa wazee wa kanisa la Wakongo. Mtu mwenye heshima zake, suti hata siku ya joto. Alikataa chai yangu kwa adabu, akasema amekunywa.

"Mama Faida, watu wameumia. Jumapili alasiri tuna mkutano wa faraja. Kanisa limenituma nikuombe uje na gitaa."

"Nitakuja, Papa. Nitakaa wapi?"

"Kukaa?"

"Baada ya ibada mtakula. Mimi nitakula wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Mama, unawajua watu wetu. Wengine ni wazee, wametoka nyumbani na mila zao. Tutakutengea chakula chako, kizuri kabisa, kule jikoni."

"Basi gitaa halitakuja, Papa."

"Eish, Mama! Watu wanalia, nawe unadai kiti?"

Neno hilo lilinichoma, mwanangu, sikufichi. Maana ni kweli watu walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa na kitu cha kuwapa. Lakini nilimjibu. "Papa, mmechomewa maduka kwa sababu kuna mtu alisema ninyi si watu kama yeye. Leo mnataka kufarijiwa na mtu ambaye nanyi mnamwambia vivyo hivyo. Faraja ya namna hiyo haiwezi kushika."

Akainuka akaondoka bila kuaga.

Nilibaki nikijiuliza kama ule ulikuwa msimamo au kiburi. Nawe siku moja utajiuliza hivyo, kwa sababu hivyo viwili ni mapacha, hata mama yao huwachanganya. Namna ninavyovitofautisha mimi ni hii: kiburi hutaka mwenzako ashuke, msimamo hutaka tu mkae sawa. Nikajipima, nikaona simtaki Papa Anselmi ashuke popote. Moyo ukatulia.

Jumapili hiyo, wakati wengine wako kwenye faraja, mlango wangu ukabishwa. Alikuwa Mama Neema, sufuria ya bugali, ugali wa kwetu, imefungwa kwa kitenge, bakuli la sombe ya majani ya muhogo juu yake, na sahani moja. Moja tu.

"Nimesikia ulichomwambia Papa Anselmi," akasema. "Sikuja kukuomba uimbe. Nimekuja tule."

Tulikula kwenye sahani ile ile, vidole vikigongana. Tulipomaliza ndipo akanieleza habari za bintiye. Neema alikuwa amegoma kwenda shule. Alikuwa amegoma hata kushuka ngazi. Alikaa chumbani akitazama barabara kana kwamba anailinda, na akiulizwa anajibu kwa kichwa.

"Mlete Jumamosi nikitoka Newtown," nikasema.

"Hatoki, Mama Faida."

"Basi nitakuja mimi."

Nikaenda. Sikuingia chumbani kwake, maana mtu aliyevamiwa hapendi mlango wake kufunguliwa. Nilikaa kwenye ngazi nje ya mlango, nikaanza kupiga wimbo wangu wa mbuzi aliyepotea. Nilipomaliza nikaenda zangu. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Watoto wa jengo lile walianza kukusanyika kwenye ngazi, mlango wa Neema ukabaki umefungwa. Mama yake alikata tamaa kabla yangu. Nilimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, anivumilie.

Siku moja nikiwa katikati ya wimbo, sauti ikatoka ndani, kwa Kiingereza, maana watoto wetu waliokulia huku hukielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza au Kizulu. "Wiki iliyopita mbuzi alikuwa mweupe. Leo umesema mweusi."

Nikasimamisha gitaa. "Basi njoo unikumbushe rangi yake."

Kisha kitasa kikazunguka.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kundi letu. Ngazi zilipozidiwa, Mtanzania mmoja mwenye spaza, yaani duka dogo la mtaani, akatuachia chumba chake cha nyuma, kati ya magunia ya unga na kreti za soda. Walikuja watoto wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kitanzania, na wenyeji waliokuwa wakiishi nao jengo moja. Sikuwafundisha mambo makubwa. Niliwaonyesha namna tatu za kukamata nyuzi, nikawaambia: sema jambo kama lilivyotokea, usilipambe, halafu ulipe sauti. Na kila Jumamosi nilipika sufuria moja, tukala kwenye sinia moja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya pekee. Anayeimba nasi anakula nasi. Wazazi wengine waliwaondoa watoto wao, wakasema hawawezi kukubali walishwe na mkono wa Mtwa. Niliwaacha. Waliobaki walinitosha.

Neema alianza na ubeti mmoja. Naukumbuka mpaka leo:

*Viti vyetu vilikuwa vyekundu,*
*mama alivifuta kila asubuhi.*
*Nani amekalia viti vyetu leo?*
*Nani anajitazama kwenye kioo chetu?*

Aliuimba huku ameufunika uso wake kwa mikono, lakini aliuimba. Wiki ile akarudi shule.

Kisha akaja Themba.

Alikuwa kijana wa mtaa wa chini yetu, anaishi na bibi yake ambaye kila mtu alimwita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao. Alifika na gitaa la babu yake aliyekuwa akilipiga akitembea barabarani kule mashambani kwao, gitaa lililopungukiwa na nyuzi. Nikampa nyuzi, akaketi, akaanza. Mwanangu, vidole vya kijana yule! Nilijua hapo hapo kwamba huyu ataniacha nyuma, na nilifurahi.

Neema alichelewa siku hiyo. Alipofika, alisimama mlangoni na hakuingia.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye aliyebeba draya yetu ya saluni."

Muziki ukakatika. Wavulana wakasimama wote kwa pamoja, na kijana mmoja wa Kirundi akasema kile ambacho wengi walikuwa wanawaza: dawa ya moto ni moto. Nikaingia kati. Mimi ni mfupi, unaniona, lakini siku hiyo nilikijaza chumba.

"Moto nimeuona nikiwa mdogo kuliko ninyi," nikawaambia. "Sijawahi kuona moto ukizimwa na moto mwingine. Hakuna atakayepigwa humu. Kaeni!"

Walikaa kwa shida. Nikamgeukia Themba. "Ni kweli?"

Angeweza kukana. Ilikuwa siku ya fujo, watu walikuwa wengi, na neno la msichana mmoja lingebishiwa. Lakini alijibu kwa Kizulu, sauti ndogo, "Ni kweli. Kila mtu alikuwa anabeba. Nami nikabeba."

"Na moto?" Neema akauliza.

"Moto sikuwasha." Kisha akasema, "Lakini sikuuzima."

Neema akageuka akaondoka. Sikumwita. Nilimuuliza Themba draya iko wapi, akasema iliuzwa siku ile ile na wakubwa aliokuwa nao, hajui kwa nani. Nikamwambia, "Leo hutakula hapa. Sikunyimi kwa sababu ya kabila lako wala nchi yako. Nakunyima kwa sababu uliyemuumiza ameondoka na njaa. Nenda nyumbani umweleze Gogo ulichonieleza mimi. Kisha mwende kwa Mama Neema, ninyi wawili, na miguu yenu."

Kusema kweli sikutegemea kumwona tena. Katikati ya wiki, Mama Neema alinisimulia kilichotokea. Gogo alifika kwenye saluni iliyoungua, amemshika mjukuu wake kwa kola kama mtu anayekamata mwizi. Alizitazama kuta nyeusi muda mrefu. Ndipo akasema, "Mwanangu, mimi nikiwa msichana serikali ya ubaguzi ilitupakia kwenye lori na vyombo vyetu, nyumba yetu ikabomolewa huku tukiitazama. Huyu sikumlea abebe vitu vya watu." Akapiga magoti. Mama Neema akamwinua haraka, maana mtu mzima wa umri ule hapigi magoti mbele yako ukakaa kimya.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nilimwambia, Gogo, sijui kama nimesamehe. Lakini ukuta unahitaji rangi."

Na kweli, kila akitoka shule, Themba alikwenda kukwangua masizi na kupaka rangi, bila malipo wala mazungumzo. Mama Neema alimwachia maji ya kunywa mlangoni. Baadaye akawa anamwachia mkate pia.

Lakini Neema hakurudi kwenye kundi, na hapo ndipo nilipobanwa pande mbili. Wengine walinifuata kudai nimfukuze kijana, wakisema nimeleta fisi zizini. Wengine, watu wa sala, walinitaka nimwambie Neema asamehe upesi, kwamba Mkristo hasubiri. Niliwakatalia wote. Kijana sikumfukuza, alikaa pembeni akifunga nyuzi za wenzake na kuondoka kabla ya chakula. Na Neema sikumsukuma. Aliyekanyagwa ndiye anayejua mguu umeacha kuuma lini, na wewe uliyesimama kando usimhimize acheze.

Jumamosi moja akaja. Alikuwa na wimbo wake, umekamilika. Akavuta kreti ya soda akaiweka mbele ya Themba, akaketi magoti yakitaka kugusana, akaomba gitaa langu. Akaimba viti vyekundu, akaimba kioo, akaimba upenyo wa mlango na moshi na mama yake akipiga kelele kwa Kiswahili mbele ya watu wasiokijua. Aliimba kwa lugha tatu kwa sababu jambo lenyewe lilimtokea katika lugha tatu. Ubeti wa mwisho ulikuwa na jina la Themba. Kijana yule alisikiliza wimbo wote bila kuinamisha kichwa, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, na kwa mvulana hilo ni gumu kuliko kipigo.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Neema akanawa mikono, akakaa kwenye sinia pamoja na wenzake. Halafu akasogea kidogo, nafasi ya mtu mmoja, bila kutazama nyuma.

Themba alinawa mikono muda mrefu sana. Kisha akaja akakaa.

Nilijishughulisha na sufuria, nikaukwangua ukoko ambao haukuhitaji kukwanguliwa.

Habari hizo zilitembea mtaani. Siku moja tukiwa tumezunguka chakula, mlango ukafunguliwa akaingia Papa Anselmi na suti yake. Mjukuu wake alikuwa mmoja wetu, nami nilidhani amekuja kumwondoa. Alisimama akitazama mikono yote ile ndani ya sinia moja.

"Karibu, Papa," nikasema, kama ninavyomkaribisha mtu yeyote.

Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya gunia la unga. Akanawa. Akakaa kati yangu na kijana wa Kirundi, akamega bugali, akachovya, akala. Hakuomba radhi wala mimi sikuidai. Watu wengine mkono wao hutubu kabla ya mdomo, na ukiwa na haraka ya kusikia maneno unaweza kuikosa toba yenyewe. Aliponyanyuka kuondoka alisema tu, "Jumapili njooni wote muimbe kanisani. Utakaa meza yetu." Tukaenda. Nikakaa. Bado kuna bibi mmoja aliyehamisha kiti chake siku hiyo, na mimi nilimsalimia kwa heshima zote na kuendelea kula.

Mwaka 2019 vurugu zikarudi. Sitakudanganya kwamba nyimbo zetu ziliuzuia moto wa mji mzima. Johannesburg ni kubwa, na wiki ile wapo waliopoteza kila walichokuwa nacho, wapo waliorudi kwao na begi moja. Ila nitakueleza nilichokiona. Neema, ambaye sasa alikuwa binti mkubwa akimsaidia mama yake, alikuwa saluni peke yake habari zilipofika kwamba watu wanakuja kutoka upande wa chini. Alimpigia simu Themba kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Themba akafika mbio, na kundi lote la Jumamosi nyuma yake, Wazulu na Wakongo na yule kijana wa Kirundi, wakaanza kubeba: viti, vioo, draya mpya, mpaka mabeseni ya kuoshea nywele. Walivibeba mtaani mchana wa jua kuelekea nyumbani kwa Gogo. Mtu mmoja kwenye kona aliwapigia kelele, "Mnaiba nini huko?" Themba akamjibu, "Hatuibi, tunahama!"

Waliokuja kuvunja walilipasua lango, wakakuta kuta zilizopakwa rangi na sakafu iliyofagiliwa. Hakuna aliyeumia.

Nilipofika kwa Gogo nilikuta sebule imejaa saluni. Mama Neema ameketi chini ya draya isiyo na umeme, hajui acheke au alie, na Gogo anamwambia kwamba sasa kwa kuwa wamefika, angalau amsuke. Wakaanza kusukana. Vijana wakachukua magitaa.

Sasa, mwanangu, nikupe niliyoyatoa huko kote.

Ukiwa na kipaji, watu watakipenda kabla ya kukupenda wewe. Watakiita, watakipigia makofi, watakitumia kuponya vidonda vyao, na wengine watataka kipaji kiingie na mwenyewe ubaki nje. Usikubali. Uliza utakaa wapi, uliza kwa sauti tulivu, na jibu likikosekana beba chombo chako uende. Ila ukishapata mahali pa kukaa, usisahau kwamba na wengine wanatafuta. Haki uliyoidai kwa ajili yako, idai pia kwa ajili ya yule ambaye huna sababu ya kumpenda. Hapo ndipo penye kazi, na mimi ilinichukua maisha kupafika.

Yaliyokupata yaseme kama yalivyotokea. Maumivu yasiyosemwa hayafi, hukaa dirishani yakilinda barabara. Na ukimkosea mtu, usijifiche nyuma ya umati, kwamba kila mtu alikuwa anabeba. Mikono yako ni yako. Nenda kwa uliyemkosea na miguu yako, ukubali kupaka rangi ukuta bila kuulizwa umesamehewa lini. Na ukiwa wewe ndiye uliyekosewa, usikimbizwe. Msamaha uliovunwa mbichi hauivi.

Mungu aliyemlinda koko yangu msituni na nje ya msitu akulinde na wewe katika mji huu usiolala. Akupe kinywa kisichoogopa na sikio lisilochoka. Akujalie marafiki wa kuwapigia simu siku ya hatari, nawe uwe wa kwanza kupigiwa. Utakapofika, wakuone wafurahi, na utakapoondoka waseme alikuwa mtu wetu. Inuka sasa, mwanangu. Wenzako wa kundi la Jumamosi wanakusubiri, na kazi ni nyingi.